Zabibu Kwenye Mabano

Siku mbili kabla ya kumzika shosho, vijana wa tenti walifika na panga. Lori lao halikuweza kupita langoni, kwa hivyo anko akawaonyesha upande wa ua ulio karibu na barabara, akasema hapo pafunguliwe kama mita nne. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kompyuta kwa magoti, najaribu kuandika wasifu wa marehemu. Katika familia yetu mimi ndiye mwandishi, maana yake mtu asiye na mahali pa kwenda siku ya Jumatano asubuhi.

Pale alipoonyesha anko ndipo ulipokuwa ule mmea.

"Ngojeni," nikasema. "Hiyo ni Rhoicissus tridentata."

Kijana mwenye panga akaniangalia vizuri. "Ni nini?"

"Ni zabibu. Zabibu mwitu."

"Ni dawa?"

Hapo nikakwama. Kenya ukitaka mmea usikatwe, sema ni dawa. Na singekuwa nimedanganya sana. Huko Afrika Kusini Wazulu wanauita isinwazi na huutumia pamoja na mimea mingine kutengeneza isihlambezo, kinywaji cha wajawazito. Wanasayansi wamejaribu dondoo za mizizi yake kwenye mji wa mimba wa panya na misuli ikakaza. (Usijaribu nyumbani, tafadhali.) Lakini hii yetu ya Ndeiya, kwa maisha yangu yote, haikuwahi kumtibu mtu. Ilikuwa mmea wa kupanda juu ya ua wa kaiyaba, wenye matunda madogo yanayotoka wekundu kwenda weusi, machungu kiasi cha kukufunga jicho moja. Tukiwa watoto tuliyaita zabibu za bure. Ulikula tano, ulimi ukakauka, ukaapa hurudii, kesho yake uko pale pale.

"Si dawa," nikasema.

"Basi," akasema, na akakata.

*

Niliusoma huo mmea vibaya mara ya kwanza. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, kozi ya mimea. Ndiyo, kuna watu huomba kusomea mimea, na mimi sikuiomba; niliomba famasia, mfumo ukanipeleka huko. Somo la taksonomia lilitaka kila mwanafunzi alete sampuli 30 zilizokaushwa, zimebandikwa kwenye karatasi ngumu, kila moja na lebo yake: familia, jenasi, spishi, mahali, tarehe, jina la mkusanyaji, namba ya mkusanyaji. Wenzangu walizunguka bustani za chuo wakachuma maua ya mapambo. Mimi nikaona niwe mjanja, nikapanda matatu hadi Limuru, nikabadilisha nyingine hadi Thigio, nikamwambia shosho nimekuja kumwibia majani.

Ndeiya ukitoka Limuru ni kama umeshuka nchi nyingine. Nyuma yako kuna chai na ukungu, mbele kuna vumbi, mbuzi, na ukingo wa Bonde la Ufa. Mimea ya huko imezoea shida, haina majani mapana ya kuringa. Na mmoja ambao kila mtoto anaujua ni muthigio, kichaka kigumu chenye vijani vitatu vitatu kwa kila kikonyo. Jina letu la kituo cha matatu lina sauti yake ndani. Shosho alipigia mswaki kijiti chake mpaka alipokufa, na alikufa na meno mengi kuliko mamangu.

Sasa chukua tawi la zabibu mwitu, lile la upande wa nje ambalo mbuzi wamelitafuna likabaki fupi, likiwa halina kitu chochote cha kushikilia. Ukiliangalia utaona vijani vitatu vitatu, kingo za meno meno, jani la katikati limechongwa kama kabari. Nikafungua ufunguo wa utambuzi. Kwa asiyejua, huo ni mlolongo wa maswali ya hivi au vile: majani yamegawanyika au hayajagawanyika? Yakigawanyika nenda namba 7. Ni matatu au zaidi? Nenda namba 12. Nikajibu swali baada ya swali kwa ujasiri wa mtu aliyelala njaa, nikafika Rhus. Rhus ndiyo jenasi ambayo muthigio ulikuwamo siku hizo kwenye vitabu vya zamani vya maktaba yetu. Baadaye nilijua kwamba mwaka wa 2007 Rhus za Afrika zilihamishiwa jenasi inayoitwa Searsia, lakini vitabu vyetu havikuwa vimepata habari. Nikaandika Rhus kwenye lebo, familia Anacardiaceae, ile ya embe na korosho. Nikaandika jina langu na namba yangu. Nikajiona Darwin.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Mhadhiri hakuandika jibu, aliandika swali: vikono viko wapi? Na chini yake sufuri.

Wikendi hiyo nilirudi Ndeiya nikiwa na hasira. Shosho alikuwa anachambua maharagwe. Nikamweleza kwa Kikuyu changu cha mjini kwamba mwalimu ananionea, kwamba ule mmea wa ua ni jamaa ya muthigio, si unaona majani? Shosho akaweka ungo chini. Akaenda mpaka kwenye ua, akaingiza mkono ndani ya kaiyaba bila kujali miiba, akavuta chipukizi jembamba kutoka gizani. Kwenye hilo chipukizi, kila baada ya majani kadhaa, kulikuwa na uzi wa kijani uliojizungusha kwenye mwiba wa kaiyaba kama simu ya mezani ya zamani.

"Muthigio husimama wenyewe," akasema. "Huu hushika wenzake. Wajina, uliangalia majani tu?"

Wajina, kwa sababu mimi nina jina lake. Binti wa kwanza kwetu hupewa jina la mama ya baba.

Hicho kiuzi ndicho kikono, na mahali kinapotokea ndipo siri yote ilipo. Mimea mingi inayopanda hutoa vikono vyake mahali popote penye nafasi, wengine kwenye ncha ya jani, wengine kwapani mwa jani. Familia ya zabibu hutoa upande wa pili wa shina, kuelekeana kabisa na jani. Jani huku, kikono kule. Na maua nayo hutokea papo hapo, upande wa pili wa jani, kwa sababu kikono cha zabibu na shada la maua ni kitu kimoja kilichopewa kazi mbili. Kikono ni shada ambalo halikuchanua, likaamua kushika. Ukijua hilo, hutakaa tena uchanganye zabibu na embe. Mhadhiri alijaribu kunifundisha kwa wino mwekundu. Shosho alitumia sentensi mbili.

*

Chuo nilikiacha mwaka wa tatu. Ningependa kukuambia ni hadithi ndefu lakini si ndefu. Karo ilikuwa na salio, salio likazaa salio. Halafu alama za masomo mawili zikapotea, moja likiwa hilo hilo la taksonomia. Nilizunguka ofisi hadi ofisi na karatasi zangu za mtihani, kila ofisi ikinituma kwa nyingine, na kila mtu alikuwa mpole sana. Baba alikuwa amepunguzwa kazini. Siku moja nikahesabu nauli ya kwenda kuuliza alama zangu nikaona inatosha unga wa wiki. Sikurudi. Hakukuwa na barua ya kunifukuza, wala mimi sikuandika ya kuacha. Nadhani kwenye kompyuta fulani bado niko mwaka wa tatu.

Nikaingia kwenye kazi ambayo nusu ya wasomaji wa hapa wanaijua na nusu nyingine wanaijua lakini hawasemi: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Unanunua au unakodi akaunti, oda zinaingia usiku kwa sababu huko ni mchana, unaandika kurasa sita juu ya uuguzi au Shakespeare au usimamizi wa hoteli, unalipwa kidogo, mwenye akaunti anakata chake. Sijivunii na sijitetei. Ninachojua ni kwamba kuna watu huko nje wana shahada ambazo robo yake niliisoma mimi, kwenye kitanda cha Kahawa West, saa tisa usiku, na blanketi mabegani.

Usiku mmoja ikaingia oda ya biolojia. Chagua mmea wowote, eleza historia ya uainishaji wake, maneno 1,500. Dola 12. Ningeweza kuchagua waridi nikamaliza kwa saa mbili. Nikachagua mmea wa shosho, nadhani kwa sababu ya ile sufuri.

Na ndipo nikakuta kwamba mtu wa kwanza kuupa huo mmea jina la kisayansi alifanya kosa langu.

Alikuwa Carl Linnaeus, si yule mkubwa tunayefundishwa, ni mwanawe, aliyeitwa jina la babake. Mwaka wa 1782 kilitoka kitabu chake cha nyongeza ya mimea, kilichojaa mimea mipya kutoka kusini mwa Afrika, na ndani yake mmea huu umeandikwa Rhus tridentata. Rhus! Aliona majani matatu yenye meno akaupeleka kwa jamaa za embe, kama nilivyoupeleka mimi. Tridentata ni hilo hilo, yenye meno matatu. Saa tisa usiku nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu nikasoma maisha yake na kicheko kikapungua. Mwaka wa 1763, akiwa na miaka 22, Linnaeus mdogo alipewa uprofesa pale Uppsala bila kufanya mitihani wala kutetea tasnifu, kwa sababu ya babake. Wenzake walimchukia kwa hilo. Alikufa mwaka wa 1783 akiwa na miaka 42, mwaka mmoja na kidogo tu baada ya hicho kitabu. Kwa hivyo mmea wangu ulipewa jina la kwanza na mtu aliyekuwa na cheo bila mitihani, na mimi, niliyekuwa na mitihani bila alama, nilikuwa nauandikia mtu wa tatu ambaye angepata alama bila kuandika. Hiyo sikuiweka kwenye oda.

Baada ya hapo mmea ulihamishwa kama mpangaji. Waliokusanya Ethiopia hawakujua wale wa kusini tayari wameupa jina. Mjerumani Fresenius akauelezea upya kwa sampuli za Ethiopia akauita Vitis erythrodes, yaani akauweka kwenye jenasi ya zabibu zenyewe, zile za dukani na za mvinyo. Wengine kusini wakaelezea umbo jingine wakaliweka Cissus. Tayari umeanza kuona tatizo: mmea mmoja, kutoka Rasi mpaka Ethiopia, una majina kama mkopaji anayekimbia madeni.

Aliyepanga hii familia akaitoa vurugu alikuwa Mfaransa, Jules Émile Planchon, na huyu namheshimu. Mwaka wa 1868 mizabibu ya Ufaransa ilikuwa inakufa na hakuna aliyejua kwa nini. Planchon na wenzake wawili waling'oa mizabibu iliyokuwa bado hai, si iliyokufa, wakakuta mizizini wadudu wadogo wa manjano, filoksera. Wadudu walikuwa wametoka Marekani, na dawa ikawa kupandikiza mizabibu ya Ufaransa juu ya mizizi ya zabibu mwitu za Marekani zilizowazoea. Fikiria hilo ukiona mtu ameshika glasi ya mvinyo wa Ufaransa Westlands: chini yake kuna mzizi wa mwituni. Mtu aliyewahi kuona umuhimu wa zabibu mwitu kwa macho yake hawezi kuzitupa zote kwenye kapu moja. Mwaka wa 1887, mwaka mmoja kabla ya kufa, Planchon alitoa kitabu cha familia nzima ya zabibu, akahesabu petali na kuangalia mashada. Vitis, petali zake zimeshikana kwenye ncha, ua likifunguka zinaanguka pamoja kama kofia. Cissus ina petali nne. Na hizi zetu za Afrika zenye petali tano, sita, hata saba, zisizoanguka kama kofia, akazipa jenasi yao wenyewe: Rhoicissus.

Lakini jina kamili lilingoja mpaka mwaka wa 1963, mwaka ule ule tulioshusha bendera ya Mwingereza. Waliolikamilisha walikuwa Hiram Wild na Robert Drummond, wakifanya kazi Salisbury, mji ambao sasa ni Harare. Ndiyo, mmea mwitu ulipewa jina na Bwana Wild. Sijatunga. Walirudi nyuma mpaka kwenye kile kitabu cha 1782, wakasema: Linnaeus mdogo alikosea jenasi, lakini neno tridentata ndilo la kwanza, na la kwanza ndilo hukaa. Wakalihamishia Rhoicissus. Na kwa kuwa sheria ya mimea ina adabu, jina likaandikwa hivi:

Rhoicissus tridentata (L.f.) Wild & R.B.Drumm.

Niliangalia hiyo mistari miwili ya herufi kwa muda mrefu. L.f. ni Linnaeus mwana. Yuko kwenye mabano. Mabano yanamaanisha: huyu ndiye alikuwa wa kwanza, na aliuweka mahali pasipo pake. Walioupeleka panapofaa wanafuata nje ya mabano. Hakuna anayefuta. Kila mara mtu anapoandika jina kamili la huu mmea, sahihi yake, anaandika na kosa la kwanza ndani yake.

Oda nikaimaliza alfajiri. Mwanafunzi hakuniambia alipata gredi gani.

*

Ile makala ya kuuza haikunitosha. Niliandika barua pepe kuomba kuona sampuli zenyewe kwenye Hebariamu ya Afrika Mashariki, pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Watu hupita hapo chini kwenda kuona mifupa ya tembo Ahmed bila kujua kwamba kwenye jengo jingine kuna makabati yenye mimea mikavu takriban milioni moja. Mkusanyiko huo ulianzia Amani, kule Usambara wakati wa Wajerumani, ukahamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Fomu ya wageni ilikuwa na sehemu ya taasisi. Kalamu ikakaa hewani. Nikaandika: binafsi.

Sampuli ya hebariamu ukiiona mara ya kwanza inakatisha tamaa. Ni majani ya kahawia, kijibahasha cha mbegu zilizoanguka, karatasi. Uhai wote uko kwenye lebo. Kwenye moja ya zile karatasi za zabibu mwitu kulikuwa na lebo ya mkusanyaji, imepigwa kwa taipureta, ikisema Rhoicissus erythrodes. Pembeni yake kulikuwa na kipande kingine kidogo cha karatasi, kimebandikwa miaka mingi baadaye na mtu mwingine, kikisema R. tridentata. Kazi ya kuunganisha hayo majina kwa upande wetu wa Afrika imo kwenye kitabu cha familia ya zabibu kilichoandikwa na Bernard Verdcourt mwaka wa 1993, sehemu ya ule mradi mkubwa wa mimea ya Afrika Mashariki ulioanza kutoa vitabu mwaka wa 1952 ukamalizika 2012. Miaka 60, na zaidi ya spishi 12,000. Verdcourt mwenyewe alifanya kazi Nairobi kwenye hebariamu hiyo kabla ya kwenda Kew, na kando ya mimea alikuwa bingwa wa konokono. Watu wa aina hiyo siku hizi wangeambiwa wachague kimoja.

Nilimuuliza mama aliyekuwa ananisaidia kwa nini lebo ya zamani haitolewi.

"Tukiitoa, utajuaje aliyeikusanya alifikiria nini?" akasema. "Sisi hubandika mpya kando tu."

Akaongeza kwamba hata hiyo mpya si ya mwisho. Kweli. Tangu wanasayansi waanze kusoma DNA, familia ya zabibu, yenye spishi kama 950, imepangwa upya. Mwaka wa 2018 Jun Wen wa Smithsonian na wenzake waliigawa katika makabila matano (ndiyo, botania nayo ina makabila, hatutoroki), na Rhoicissus haikuwekwa na Cissus, jirani yake wa kila kichaka cha Afrika. Jamaa zake wa karibu wako Asia, Amerika na Australia. Mnakaa ua mmoja miaka yote, mnafanana mpaka wazungu wanawachanganya, kumbe damu yako iko Australia.

*

Turudi Ndeiya. Jioni ile ya panga, mama alinipa karatasi aliyoandika kwa mkono, ya kupiga chapa kwenye kijitabu cha mazishi. Wajukuu walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na cheo chake, kwa sababu mazishi kwetu ndiyo siku ya familia kutoa ripoti. Mhasibu, Nakuru. Mwalimu, Kinangop. Uuguzi, mwaka wa pili. Na jina langu, jina la shosho, na mbele yake: shahada ya sayansi ya mimea.

Mama anajua. Baba anajua. Shosho ndiye hakujua, au nilidhani hivyo. Kila nilipokwenda aliniuliza mimea inaendeleaje, nami nikajibu inaendelea, na hakuna aliyedanganya. Mimea huendelea.

"Mama, hii hatuwezi kuandika," nikamwambia. Tulikuwa jikoni, moshi, wamama wa kanisa wanamenya viazi kando yetu.

"Kwa nini hatuwezi?"

"Kwa sababu sikumaliza."

"Ulisoma miaka mitatu. Hiyo miaka mitatu ilikuwa nini? Ilikuwa picnic?" Akapunguza sauti kwa sababu ya wale wamama. "Niliuza ng'ombe. Ng'ombe wawili, si mmoja. Nataka niwaone mahali. Nataka wawe kwenye karatasi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mama anayeona aibu, na nilikuwa nimejiandalia hotuba nzuri ya ukweli. Sikuwa nimejiandaa kwa mama anayeuliza ng'ombe wake wameandikwa wapi.

Saiba ya Limuru ilifungwa saa mbili usiku na mwenyewe alikuwa anapiga miayo. Nilipiga chapa vyeo vyote kumi na vitatu. Kwangu niliandika alichoandika mama, nikafuta. Nikaandika "mwandishi", nikafuta pia, kwa sababu nilimfikiria yule mwanafunzi wa dola 12. Nikajaribu "alisomea mimea, miaka mitatu". Ilikuwa kweli, na ilionekana kama kaburi dogo ndani ya kijitabu cha kaburi. Mwishowe nikaacha jina peke yake. Nakala 200.

Asubuhi mama alifungua kijitabu ukurasa wa wajukuu, akausoma, akakikunja akakiweka kwenye mkoba. Hakusema kitu. Ibada ikaendelea. Ilipofika zamu ya kutaja familia, mama ndiye alikuwa na maikrofoni. Akasoma kama ilivyochapwa, mhasibu, mwalimu, mpaka akafika kwangu. Akatulia. Akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Huyu," akasema, "ndiye alikuwa amepewa jina la mama. Yeye alisomea miti. Alikuwa akija hapa kumwibia mama majani."

Watu wakacheka. Shangazi mmoja nyuma akaongeza kwa sauti kwamba kweli, na mama mzee alikuwa akimwekea, amemkaushia mengine kwenye Biblia. Mimi hilo sikuwa nalijua. Nikasimama nipungie mkono kama walivyofanya wenzangu, nikashindwa kukaa.

Kwenye Biblia tulikuta majani saba. Moja lilikuwa la muthigio. Moja lilikuwa la zabibu mwitu, na shosho alikuwa amelikata vizuri kuniliko: jani huku, na kule, upande wa pili wa kishina, kikono kimejikunja kimekauka hivyo hivyo. Hakuna lebo. Nilichukua nakala mbili za kijitabu zilizobaki, nikaliweka katikati, nikalipeleka Kahawa West likiwa ndani ya kasha la kompyuta. Nimelibandika kwenye karatasi ngumu. Familia: Vitaceae. Mahali: Ndeiya, ndani ya ua wa kaiyaba. Tarehe sijui, nimeacha wazi. Pale pa mkusanyaji nimeandika jina letu.

Mwezi uliopita nilikwenda kupalilia kaburi. Anko bado hajaziba ule mwanya wa mita nne. Lakini zabibu mwitu ina mizizi iliyovimba kama viazi, na panga halikufika huko. Yametoka machipukizi mafupi manne, majani matatu matatu, meno meno, na kwa kuwa hapo hakuna tena ua wa kushika, sijaona kikono hata kimoja. Mbuzi wa jirani alikuwa ameshaonja moja. Ukipita hapo leo bila kuuliza mtu, utasema ni muthigio.